Mnamtazama Angus, Lakini Bendi Ilikuwa Malcolm

Wasee, leo nataka tukosane kidogo.

Mwambie mtu yeyote anayejua muziki wa roki akuchoree AC/DC. Najua atachora nini. Atachora jamaa mfupi aliyevaa sare ya shule: kaptura, koti, tai na kofia, gitaa limemning'inia, anarukaruka kwa steji kama mtu aliyekanyaga siafu. Huyo ni Angus Young na mimi sina shida naye. Jamaa ni moto. Lakini haya ni maoni yangu na nitayasimamia: kwa miaka hii yote tumekuwa tukimkodolea macho mtu ambaye siye. Bendi ilikuwa ni kaka yake, Malcolm. Yule aliyesimama nyuma, karibu na ngoma, akipiga gitaa la rithimu bila mbwembwe. Anakuja mbele kwenye maikrofoni kuimba kiitikio, akimaliza anarudi nyuma pale pale, kama mtu aliyeacha chai kwa jiko.

Na siongei hivi kwa hisia tu. Historia ya hii bendi ni kama jaribio la maabara. Kwa miaka 50 wamempoteza karibu kila mtu, mmoja baada ya mwingine. Kwa hivyo tunaweza kuangalia kwa utulivu: ni nani alipoondoka safari ikaendelea, na ni nani alipoondoka ikabidi waende kutafuta mtu wa damu yake?

Najua kuna mtu tayari anasema, "Hii ya roki inatuhusu nini? Sisi ni watu wa rhumba na gengetone." Sawa. Kama umewahi kucheza rhumba, basi unajua ninachosema. Gitaa la solo ndilo linakufanya upige nduru. Gitaa la rithimu ndilo linakuzuia kuketi. Hulisikii mpaka siku litolewe, ndipo unashangaa kwa nini miguu imekufa. Shika hiyo picha, twende nayo Australia.

Familia ya Young ilitoka Glasgow, Scotland, ikahamia Sydney mwaka wa 1963. Kaka yao mkubwa, George, ndiye aliyetoka kimuziki kwanza. Alikuwa kwenye The Easybeats, bendi iliyovuma nje ya Australia mwaka wa 1966 na wimbo wa "Friday on My Mind". Miaka mitatu baadaye bendi ikavunjika. Kwa hivyo hawa vijana waliona umaarufu ukiingia kwa mlango wa nyumba yao, halafu wakauona ukitoka. Hilo ni somo ambalo huwezi kulipa karo yake.

Malcolm aliianzisha AC/DC mwishoni mwa 1973, akiwa na miaka 20. Angus alikuwa na 18. Jina walilitoa kwenye maandishi ya cherehani, zile herufi za aina mbili za umeme. Sare ya shule ilikuwa wazo la dada yao Margaret. Usiku wa kufunga mwaka, tarehe 31 Desemba 1973, wakapiga shoo kwenye klabu moja ya Sydney inayoitwa Chequers.

Sasa hapa ndipo watu huruka bila kuangalia. Malcolm alijua kupiga solo. Kwenye rekodi zao za mwanzo kuna solo zake. Bendi ni yake, yeye ni mkubwa, mdogo wake ana miaka 18. Angeweza kusimama mbele na hakuna mtu angeuliza. Akaamua solo ziwe za Angus, kofia iwe ya Angus, picha ziwe za Angus, na yeye abaki na ile kazi ambayo hakuna anayeipigia makofi. Mimi na wewe, tukiwa na miaka 20, tungefanya hivyo? Tusidanganyane.

Hiyo kazi aliifanya vipi? Alikuwa na gitaa moja la Gretsch la mwaka wa 1963, akalikwangua rangi, akang'oa zile sumaku za kunasa sauti, akabakisha moja tu. Nyuzi nene. Amplifaya haikufunguliwa hadi ikoroge sauti kama bendi nyingine za roki nzito. Unasikia kila uzi. Halafu, na hili ndilo muhimu zaidi, alijua kunyamaza. Sikiliza wimbo wa "Back in Black" pale mwanzo. Gitaa linapiga, linanyamaza, linapiga, linanyamaza. Nguvu yote iko kwenye lile pengo. Mtu asiyejiamini angejaza pale kitu. Malcolm aliacha wazi, na kichwa chako kikajikuta kinatikisika kuziba nafasi.

Twende kwenye jaribio lenyewe.

Tuanze na mwimbaji wao wa kwanza, Dave Evans. Mwaka wa 1974 nafasi yake ikachukuliwa na Bon Scott, naye mzaliwa wa Scotland aliyekulia Australia. Bon alikuwa na sauti ya mtu anayekusimulia uongo mtamu kwa baa. Wakatoa albamu moja baada ya nyingine, wakahamia London mwaka wa 1976, wakapiga shoo kila mahali penye soketi ya umeme. Marekani ilikuwa bado haijaelewa. Kampuni ya rekodi ikataka sauti ambayo redio za huko zingekubali. George na mwenzake Harry Vanda, waliokuwa wakiwarekodi tangu mwanzo, wakawekwa kando. Akaletwa Robert John "Mutt" Lange. Na kwa taarifa yako, huyu Lange ni mzaliwa wa Mufulira, mji wa migodi kule Zambia. Yaani kila mtu anayepiga kelele kwamba roki ni ya wazungu wa mbali, ajue mtu aliyeipeleka AC/DC kileleni alizaliwa huku kwetu Afrika. Albamu waliyofanya naye, "Highway to Hell" ya 1979, ikafika nafasi ya 17 Marekani.

Tarehe 19 Februari 1980, Bon Scott akafariki London baada ya usiku wa kunywa. Alikuwa na miaka 33.

Hapo bendi nyingi hufa. Na zingekuwa na sababu. Mwimbaji ndiye sauti, ndiye maneno, ndiye anayejulikana. Lakini siku chache baadaye Malcolm akampigia simu Angus, wakakutana kufanya kazi ya muziki, wawili tu, kwa sababu kukaa nyumbani kungewamaliza. Wazazi wa Bon wenyewe waliwahimiza waendelee. Wakamchukua Brian Johnson, jamaa wa kaskazini mwa Uingereza ambaye bendi yake ya Geordie ilikuwa imewika miaka ya nyuma kisha ikapoa, na sasa alikuwa na biashara ya kutengeneza paa za magari. Wakaenda Nassau, Bahamas. Julai 1980, miezi mitano tu baada ya mazishi, "Back in Black" ikatoka. Jalada jeusi tii, kengele ya msiba mwanzoni.

Hiyo albamu imeuza zaidi ya nakala milioni 25 Marekani pekee. Ni kati ya albamu zilizouzwa zaidi katika historia ya dunia, si ya roki tu. Manze, fikiria. Walibadilisha sauti ya bendi, ile kitu unayodhani ndiyo bendi, na wakauza kuliko walivyowahi kuuza.

Sisemi Bon hakuwa na maana. Kuna watu watasema AC/DC halisi iliisha 1980, na nikisikiliza "Powerage" ya 1978 naelewa machungu yao. Ninachosema ni kwamba jengo halikuanguka. Paa lilichukuliwa na upepo, wakapiga paa lingine, nyumba ikasimama. Swali ni nani alikuwa msingi.

Endelea. Mwaka wa 1983 mpiga ngoma Phil Rudd akafukuzwa. Akaja Simon Wright, baadaye Chris Slade, na Rudd akarudi 1994. Mauzo yalishuka katikati ya miaka ya 80, hilo lazima tukubali. "Fly on the Wall" ya 1985 haikumtikisa mtu. Lakini shoo ziliendelea.

Halafu ikaja 1988, na huu ndio mwaka unaonigusa zaidi kwenye hadithi yote. Malcolm alikuwa mlevi. Si mlevi wa mzaha, mlevi kabisa. Walikuwa katikati ya ziara, viwanja vimejaa, pesa inaingia. Akasema anatoka, anaenda kujitibu. Mtu aliyemzika Bon alijua njia hiyo inaishia wapi. Na hapa angalia kilichotokea: hawakumtafuta mpiga gitaa maarufu. Walimleta mpwa wao, Stevie Young, mtoto wa kaka yao mkubwa Stephen, ambaye anakaribia kulingana na Malcolm kwa umri na anapiga kama yeye. Inasimuliwa kwamba kuna mashabiki waliokuja, wakaona shoo, wakaenda nyumbani bila kujua kuwa yule wa nyuma si Malcolm.

Mtu anaweza kulitumia hilo dhidi yangu. "Si unaona? Hata hakukosekana!" Hapana. Hebu soma tena. Njia pekee ya kuziba nafasi yake ilikuwa kumpata mtu aliyelelewa kwenye muziki huo huo, wa ukoo huo huo, anayepiga hivyo hivyo. Bon alipoondoka walileta mtu tofauti na wakafaulu. Malcolm alipoondoka walileta nakala yake.

Akarudi akiwa mkavu, na mwaka wa 1990 wakatoa "The Razors Edge", ile yenye "Thunderstruck". Septemba 1991 wakapiga uwanja wa ndege wa Tushino, Moscow, mbele ya bahari ya watu, wakati Muungano wa Kisovieti unahesabu miezi yake ya mwisho. Sasa nauliza wale wanaosema anayeacha pombe amekwisha kisanii: hii nayo ni nini?

Kisha ikaja ile sehemu mbaya. Mwaka wa 2008 walitoa "Black Ice" na kuzunguka dunia hadi 2010. Wakati huo Malcolm alikuwa ameanza kusahau. Ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu ulikuwa umeingia. Angus ameeleza baadaye kwamba kaka yake alikuwa akijifunza upya, kabla ya shoo, nyimbo ambazo yeye mwenyewe alizitunga. Kaa na hiyo kwa dakika moja. Mtu anasikiliza kazi yake ya miaka 30 kama mwanafunzi, ili usiku apande kwa steji, asimame nyuma, na asiharibu. Shoo yake ya mwisho ilikuwa Bilbao, Uhispania, Juni 2010. Watu elfu nyingi uwanjani, na wengi wao bila shaka walikuwa wanamtazama Angus.

Septemba 2014 bendi ikatangaza kwamba hatarudi. Tarehe 18 Novemba 2017 akafariki, akiwa na miaka 64. Kaka yao George alikuwa ametangulia wiki chache tu kabla, Oktoba. Mama yangu husema msiba haubishi hodi mara moja.

Sasa tumalize jaribio. Baada ya Malcolm, nani alipiga gitaa la rithimu? Stevie tena. Mwaka wa 2016 Brian Johnson aliambiwa na madaktari aache shoo za viwanjani la sivyo apoteze kusikia kabisa. Walimleta nani? Axl Rose wa Guns N' Roses, mtu ambaye hana uhusiano wowote na sauti yao, tena kwenye shoo za kwanza aliimba ameketi kwa kiti kwa sababu alikuwa amevunjika mguu. Ziara ikaisha salama. Brian alirudi baadaye. Mwaka wa 2024 walipozunguka Ulaya, kwenye ngoma alikuwa Matt Laug, kwenye besi Chris Chaney, watu wa nje wote wawili. Ngoma wakaajiri. Besi wakaajiri. Rithimu, la. Hapo bado ni Young.

Na kama bado unabisha, chukua albamu ya "Power Up", Novemba 2020. Malcolm ana miaka mitatu kaburini. Angalia majina ya watunzi: nyimbo zote 12 zimeandikwa Angus Young na Malcolm Young. Angus alirudi kwenye vipande vya gitaa ambavyo wawili hao walikuwa wamevihifadhi kwa miaka, akavijenga. Albamu ikafika nambari moja kwenye nchi kadhaa, Marekani na Uingereza zikiwemo. Marehemu bado anashika mdundo.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo naiheshimu. Watu husema, "Lakini hawa si wametoa wimbo mmoja kwa miaka 50?" Enyewe, ni kweli nusu. Hawakuwahi kujaribu disko, hawakuweka sinthesaiza, hawakutoa albamu ya nyimbo za pole pole ili wapigwe kwenye harusi. Mashairi mengine ni ya kitoto na yale ya wanawake mengine nayaruka. Lakini sisi tunaofanya kazi mtandaoni tunaambiwa kila Jumatatu tubadilike: mtindo mpya, sauti mpya, dansi mpya. Ukikaa wiki mbili bila kugeuka unaambiwa umechapa. Hawa walishuka katikati ya miaka ya 80, hawakubadilisha kitu, na dunia ikawarudia. Kukaa palepale si uvivu kama mahali penyewe ulipachagua. Na aliyepachagua alikuwa Malcolm.

Kwa nini nimepandwa na hii mada? Acha niseme ukweli, juu nyinyi mtauliza tu.

Kwenye video zangu mimi ndiye mnaniona. Mimi ndiye kofia. Lakini kwa miaka miwili ya kwanza kulikuwa na binamu yangu aliyekuwa akihariri, usiku, baada ya kazi yake ya mchana. Sikuwahi kutaja jina lake hata mara moja. Tulipopata tangazo la kwanza la pesa ya maana, nilimtumia kiasi cha kununua viatu nikamwambia, "Asante bro, tuko pamoja." Hakulalamika. Alianza tu kuchelewa kujibu, halafu siku moja akanirudishia zile faili zote zimepangwa vizuri, kila moja na tarehe yake, akasema ana mambo mengi.

Nikaanza kuhariri mwenyewe. Mkaanza kuniandikia: "Siku hizi unavuta sana." "Mbona huchekeshi kama zamani?" Nilidhani nimepoteza kipaji. Nikarudi kuangalia video za zamani, taratibu, na nikaona. Si mimi niliyekuwa nachekesha. Ni yeye aliyejua mahali pa kukata. Aliacha nusu sekunde ya kimya baada ya neno, na hiyo nusu sekunde ndiyo mliyoicheka.

Nilienda kwake nikaomba msamaha. Hajarudi, na sitawadanganya kwamba hadithi imeisha vizuri. Alinitengenezea video moja, ile ya mwezi jana mliyoipenda, na sasa mnajua kwa nini. Nilitaka kumtumia nusu ya pesa. Nilimtumia, na nikaandika jina lake kwanza. Akajibu, "Nimeona." Hilo tu.

Ndiyo maana siwezi kuitazama AC/DC kama zamani. Angus alijua. Mpaka leo, kila anapotoa kazi, jina la kaka yake liko pale. Hakungoja watu waulize. Mimi nilingoja mpaka nianguke.

Kwa hivyo usiku wa leo, fanya hivi. Weka spika nzuri ama earphone, si ile spika ya simu. Cheza "Back in Black". Usimfuate mwimbaji, usifuate solo. Mfuate yule anayepiga na kunyamaza. Ukishamsikia, hutaweza tena kutomsikia.

Halafu fikiria ni nani yuko hapo nyuma kwa maisha yako, karibu na ngoma, na mara ya mwisho ulimtaja lini. Mtaje leo, akiwa bado anakumbuka wimbo.